Kamba ya Shimoni

Kiongozi wa wawindaji wa nungunungu alimpa kamba mgeni mwenyewe.

"Hatutozi mtu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ila siku ya kwanza mwenye shamba ndiye anayeingia shimoni. Wote hapa tulianza hivyo."

Mgeni alihamia Kasoli baada ya ushirika wa pamba kumpunguza kazini. Sasa nungunungu walikuwa wanachimbua viazi vyake, na wanawe hawakuwa na chakula kingine.

"Ukikataa, tutaondoka bila kinyongo," kiongozi aliongeza.

Mgeni alikaza khanga kiunoni. Akajifunga kamba mguuni kwa fundo la kufungia ndama, akachukua mkuki mfupi. Ndani ya shimo miiba ilichakarisha kama mbaazi kavu ndani ya kibuyu. Akalala kifudifudi.

"Ngoja," kiongozi alisema, ameshika ncha ya kamba. "Unaitwa nani? Huku nje wewe ni mgeni, lakini aliye shimoni tunamwita kwa jina, ajue hatujamwacha."

"Monika," alijibu, udongo ukimwingia mdomoni.

Akasukuma mabega ndani. Nyuma yake wanaume wakaanza kumwita kwa jina.