Kifute Kisichotumika

Zama hizo nyumba ilifuata mchoro wake wa kompyuta: ukifuta dirisha kwenye mchoro, ukuta unajiziba papo hapo. Mzee Shekuwe, mjuzi wa kujifundisha, akaipachika programu ya kuchorea kijiprogramu alichokiandika mwenyewe, kifute kila kisichotumika.

Kikaanza na stoo. Mkewe, Bi Mize, akapiga vigelegele. Kesho yake akauliza, “Baba Raya, chumba cha mwanao kiko wapi? Si anakuja leo kujifungulia kwetu?”

“Nakichora, kinafutwa. Nakichora, kinafutwa,” mzee akasema, jasho likimtoka. “Sijui sasa mwenye nyumba nani.”

“Hodi! Mama, uchungu umenishika!” Raya akaita kutoka nje.

“Karibu, mwanangu!” wakaitika wote wawili, wakipapasa ukuta pale ulipokuwa mlango wa wageni.