Ile ya Kijerumani

“Ile ya Kijerumani iondoe,” Gerald alisema, na Getruda akaendelea kufunga vifungo vya koti lake jeusi kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

Walikuwa nyuma ya pazia la ukumbi wa Handeni. Mbele, watu walikuwa wakigombea viti. Gerald, mgeni aliyehamia mjini juzi juzi tu, alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa onesho, na kamati hiyohiyo ndiyo iliyonunua fidla na tarumbeta zote za okestra ya Getruda, iliyotoka Korogwe. Kwa hiyo alizoea kusikilizwa.

“Mwalimu, hawa watu wangu nawajua,” akasema. “Wape muziki wa filamu, basi. Hiyo simfonia ya Mjerumani aliyekufa kabla reli haijafika Korogwe itawatoa ukumbini.”

“Haitawatoa.”

“Wakitoka, vyombo nachukua. Nawapa bendi ya harusi.”

Getruda alimtazama juu mpaka chini. Alikuwa amewafundisha wakulima wa Kerenge na mafundi umeme wa Hale kusoma noti, Jumamosi kwa Jumamosi, wakikosea, wakicheka, wakirudia. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba muziki huo si wao. Sasa aje huyu na tai yake aseme Handeni hawana masikio!

“Tutaanza na filamu, simfonia mwisho,” akasema. “Na sikati hata noti moja.”

“Shauri yako.”

Loveness, mpiga fidla wa kwanza, ndiye aliyekuwa akitangaza. Kila alipotaja jina la filamu, vigelegele vilipasua ukumbi. Zilikuwa filamu walizozitazama tangu utotoni. Lakini okestra ilipoanza kupiga, shangwe ikapoa. Watu wakatazamana. Filamu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, mzee mmoja akapiga miayo bila haya, na waendesha bodaboda wawili, watu wazima, wakainuka wakatoka.

Gerald alikuwa amekunja uso pembeni ya jukwaa. “Filamu si hizihizi?” alinong’ona. “Mbona kama hawajawahi kuzisikia?”

“Kamwulize anayewajua,” Getruda alijibu.

Lakini moyoni alikuwa akipiga hesabu. Vyombo vile vikiondoka, okestra imekufa, na watu wake watarudi kwenye majembe na nyaya zao wakijua kwamba walijidanganya. Akageuza ukurasa. Liwalo na liwe. Kama ni kufa, wafe wakipiga kitu wanachokipenda.

Hakumpa Loveness nafasi ya kutangaza. Aliinua mikono, na simfonia ikaanza chini kabisa, besi peke yake.

Nyuma yake kiti kililia. Halafu kingine. Wanaondoka, Getruda aliwaza, akauma meno na kuendelea. Watoke wote wakitaka, yeye atavipigia viti. Lakini Clinton wa tarumbeta, aliyekuwa akiuona ukumbi, alikuwa ametoa macho. Getruda akatupa jicho nyuma.

Hawakuwa wanatoka. Walikuwa wanasogea mbele. Wale wa bodaboda walikuwa wamerudi, wamesimama mlangoni na helmeti zao kifuani. Wanaume walikuwa wakichezesha midomo, ingawa muziki ule haukuwa na neno hata moja. Tarumbeta zilipokaribia kuingia, safu nzima ilibana pumzi kabla hazijaingia. Na fidla ziliposhuka polepole, kilio kikapita ukumbini, kikaanzia kwa akina mama kikaishia kwa wazee wenye baraghashia.

Ilipokwisha, paa lilitaka kung’oka. Watu walipiga makofi, walipiga viti, walipiga miguu. Okestra ilikuwa imepona, na hata Gerald aliliona hilo.

Ingetosha. Lakini Getruda alikuwa amejaa kiburi na hakukificha. Alinyakua kipaza sauti, akamvuta Gerald mkono hadi ukingoni mwa jukwaa.

“Ndugu zangu, mwenyekiti amesema nyinyi ni watu wa filamu tu!” akasema. “Eti muziki mkubwa hamuuwezi. Naomba mmoja wenu amjibu.”

Ukumbi ukaguna kwa hasira. Kwenye mstari wa mbele, Bi Rukaya, bibi aliyekuwa bado anajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akanyoosha mkono. Getruda akashuka hadi kwake, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu, Mungu akuweke.” Bibi akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akamkazia macho mwenyekiti. “Wewe baba, usitusingizie. Zile za mwanzo mlitutajia filamu, mkatupigia vitu tusivyovijua, tukavumilia. Hii ya mwisho ndiyo muziki wa filamu wenyewe! Marehemu Kibwana, kwenye kibanda chake cha video, alikuwa anazima sauti ya televisheni ili atufasirie kwa Kiswahili, na chini ya maneno yake anaweka kanda hii. Filamu zote, kanda ni hii moja.”

“Kweli kabisa!” ukumbi mzima ukaitikia.

Bibi akamgeukia Getruda. “Sasa mwanangu, rudieni pale inspekta anapoliona kovu la mama yake.”