Mkoba wa Kitanda cha Pili

Katika wodi ya wazazi, fundi cherehani hakumwonea jirani yake wa kitanda cha pili wivu kwa uzuri wala kwa mume. Alimwonea wivu kwa ule mkoba.

Ulikuwa wa buluu, zipu mpya, umepangwa na mama mkwe: pamba, wembe, uzi, na juu kabisa jozi moja ya glavu kwenye karatasi yake. Jirani aliukumbatia kama mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

"Kwani nyinyi kwenu hamna redio?" alimcheka mchana. "Si walitangaza? Serikali imekopa nje, na hao wakopeshaji wametaka hospitali zibane matumizi. Kila mzazi aje na vifaa vyake."

Fundi aligeukia ukutani. Redio ilikuwepo. Mshahara wa mumewe, aliyepunguzwa kazini serikalini, ndio ulioondoka na masharti ya mkopo huohuo.

Sasa jirani alikuwa amelala, mdomo wazi, mkoba umeteleza hadi ukingoni. Uchungu ukamkaba fundi kiunoni, akang'ata shuka. Nesi akaja mbio, mikono mitupu.

"Kichwa hicho kinakuja! Glavu zako ziko wapi, dada? Stoo haina hata moja, na bila glavu sikugusi, unisamehe."

Fundi akautazama mkoba.

"Huo wa buluu," akasema. "Ziko juu."

Nesi akachana karatasi kwa meno. Mpira ukalia pa! kwenye mkono wa kushoto, kisha wa kulia.

Jirani akashtuka, mkono mmoja tumboni, mwingine ukipapasa godoro.

"Nesi," akaita, "na mimi tayari."