Kabati la Shemeji

Fundi alizungusha swichi ya joto hadi mwisho, akaondoka bila kuchungulia ndani ya kabati.

Mle kabatini walilelewa wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, wanaouzwa kwa wakulima ili wawatafune vidukari wanaonyonya mboga. Wadudu wa kudekezwa hao: baridi ikizidi wanadumaa, joto likizidi wanakufa. Fundi alilijua hilo vizuri mno. Ndiyo maana akapandisha.

Kabati lilikuwa la shemeji yake, binti aliyekuwa mdogo wa mkewe. Fundi mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi na kumfundisha. Sasa tajiri wao alikuwa ametangaza kwamba mlezi mmoja atabaki, wa pili unga wake utamwagika; ataamua asubuhi kwa kukagua wadudu wa kila mmoja. Wa shemeji walishaota mbawa. Wa Fundi, jamani, walikuwa mabuu bado, maana kabati lake bovu halikushika joto. Hata kuwatazama hakutaka tena.

"Shemeji, umechoka. Nenda kanywe chai," binti alikuwa amemwambia mchana ule. "Wadudu wako niachie mimi."

Ananionea huruma! Mimi niliyemshika mkono! Fundi alikwenda kwenye chai akiwaza hivyo. Aliporudi alimkuta binti anafunga mkoba huku anaimba, na wimbo ule ndio uliommaliza kabisa.

Asubuhi tajiri alianza na kabati la shemeji. Wote walikuwa wamekauka, hakuna hata mmoja aliyetikisika. Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Fundi naye akashika kichwa, akajifanya kushangaa. Loh, mnafiki mkubwa!

Tajiri akafungua kabati la Fundi. Wekundu, wenye mbawa, wanapandiana kwenye wavu. Safari hii Fundi alishangaa kweli.

"Kazi ni yako," tajiri akampa mkono, akatoka.

Binti aliiona swichi ya kabati lake iko mwisho, akairudisha mahali pake taratibu.

"Dada ana mimba, nikaona mshahara wenu usikatike," alisema. "Jana ulipokwenda kunywa chai nilibadilisha trei: wangu nikawaweka kwako, wako kwangu. Nilishakuachia kazi, shemeji. Ulikuwa na haja gani ya kuwaua?"