Mtoto wa Uvumilivu

Kabla ya kugusa nguo ya mteja, dobi alipiga pasi taulo lake mwenyewe, akalikunja mara nne likingali linafuka, akalibana tumboni chini ya kitovu. Akauma meno. Ndipo akavuta shati la kwanza.

"Leo tumbo limekuja na ukoo wake," alitania mwenzake aliyekuwa akikunja mashuka meza ya pili.

"Limekuja na wakwe pia."

Walicheka, ila kicheko cha dobi kilikatikia njiani. Aling'ang'ania ukingo wa meza mpaka likapita.

Ugonjwa aliujua kwa jina: endometriosisi. Nyama kama ile ya ndani ya kizazi huota nje yake, na kila mwezi huvuja damu isiyo na pa kutokea. Sindano za kuzuia hedhi alizikataa, maana akiwa nazo hashiki mimba. Upasuaji aliukataa vilevile, asije akaamka hana kizazi. Mumewe alimwambia, "Mimi nilikuoa wewe, sikuoa mtoto." Dobi alimgeuzia mgongo.

"Sasa unangoja nini?" mwenzake aliuliza.

"Mvumilivu hula mbivu."

"Nyingine huozea mtini, dada yangu."

Lakini dobi alikuwa na hoja isiyoshindika. Mama yake aliugua tumbo hilo hilo. Alitapika, alizimia kwenye foleni ya maji, alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Madaktari wakataka kumpasua. "Nikawaambia, kateni vitambaa," mama hupenda kusimulia. "Mimi namngoja mwanangu. Na huyo hapo amekaa, mashavu hayo!" Kila dobi alipokaribia kukubali sindano, alijitazama kiooni akaghairi. Ushahidi ulikuwa yeye mwenyewe.

"Na hamfanani hata ukucha," mwenzake alisema.

"Nilichukua kwa baba."

Shati la pili hakulimaliza. Pasi ilimponyoka, naye akaliangukia tenga la nguo chafu, jasho baridi, midomo imepauka.

Alipozinduka alikuwa kitandani hospitalini. Mama yake alikuwa ameketi ubavuni pake, mkoba mapajani. Daktari aliinua picha ya tumbo kuelekea mwanga wa dirisha.

"Mrija wa mkojo umebanwa. Figo ya kushoto imevimba. Tukingoja, itakufa, na ya kulia nayo imeanza kubanwa. Tukupasue wiki hii. Sitakudanganya, kizazi kimegandana na kila kilicho jirani. Huenda tukakitoa. Siahidi kwamba maumivu yote yatakwisha. Lakini utaishi."

"Nipe mwaka mmoja."

"Figo haibembelezwi, dada."

"Mwaka mmoja tu, daktari."

"Mwaka huo huna."

Dobi alijiinua kwa viwiko. Maumivu yalimrudisha chini, akajiinua tena.

"Mama yangu aliambiwa maneno haya haya. Akayakataa. Angewasikiliza wenzako, leo usingekuwa na mgonjwa wa kumtisha. Mama, mwambie."

Mama alikuwa akifungua zipu ya mkoba na kuifunga. Akaifungua tena.

"Mama yupi huyo asiye na mdomo leo? Nyumbani hunyamazi! Mwambie walivyotaka kukupasua ukakataa."

Daktari akamgeukia mama. Zipu ikasimama katikati.

"Walinipasua, daktari," mama alisema, macho hayajatoka kwenye mkoba. "Kizazi walikitoa chote. Mwaka mmoja kabla huyu hajazaliwa."