Fidla ya Baba, Siku ya Tatu

Baba tulimzika juzi, na leo alasiri anapiga fidla kwenye tamasha la taarabu. Ndivyo ilivyo siku hizi za maradhi. Kila mwanamuziki anapiga akiwa nyumbani kwake, mtambo unawaunganisha, na mmoja akifa au akiacha kupiga, mtambo unampigia sehemu yake na kuonyesha sura yake. Msiba hautangazwi mpaka tamasha liishe, watu wasije wakaingiwa na hofu.

Mimi na Mama tulikaa mbele ya runinga bila kulia. Baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Jirani akaita kutoka dirishani kwake, "Bi Mgeni, leo mumeo kanikosha roho!"

"Nitamwambia, shoga," Mama akajibu.

Ukaanza wimbo wa pili. Siku zote Baba alichelewa kidogo kuingia hapo, na Mzee Khelef mpiga ganuni, rafiki yake wa miaka arobaini, alikuwa akimsubiri. Leo pia alimsubiri. Fidla ikaingia bila kuchelewa hata kidogo.

Mzee Khelef akaondoa mikono kwenye nyuzi. "Huyu siye," alisema. "Zuwena, mwanangu, baba yako yuko wapi?"

Aliniita mimi, mbele ya watu wote. Kabla sijafungua mdomo, Mzee Khelef alitabasamu kwenye runinga, mikono yake ikarudi kwenye nyuzi, na ganuni ikaendelea.

Papo hapo simu ya Mama ikaita. Alikuwa Mzee Khelef, akilia, na kwenye runinga bado anapiga huku akitabasamu. Mama naye akashindwa kujizuia, nami nikaongeza sauti ya tamasha, jirani asije akatusikia.