Theluji Juu ya Chumba cha Mzee Luvanda

Sheria ya Makete ilisema kwamba theluji ikiyeyuka juu ya chumba cha mtu, basi mtu huyo anavujisha bure joto linalogawiwa na mji, na atahamishiwa bweni la umma. Asubuhi hiyo Atupele, fundi wa mapaa, alipanda kuziba nyufa za jengo alimoishi baba yake, Mzee Luvanda. Paa zima lilikuwa na madoa ya maji. Juu ya chumba cha baba yake tu theluji ilikuwa nyeupe pe. Akateremka mbio.

Alimkuta mzee kitandani, amevaa makoti mawili, midomo imempasuka kwa baridi.

"Baba, umezima hita tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Mama yako alifia humu, mwanangu. Bwenini siendi."

Kuziba nyufa kulihitaji siku tatu, na wakaguzi wa mapaa wangefika saa sita mchana. Atupele aliwasha hita, akamsugua baba yake miguu mpaka ikapata joto, kisha akapanda tena na koleo. Alichota theluji ukingoni mwa paa akailundika juu ya chumba kile. Aliponyoosha mgongo, alimwona mwanamke kwenye paa la jirani akifanya vivyo hivyo. Walitazamana bila kusalimiana. Chini ya buti za Atupele, theluji ilikuwa imeanza kulowa.